Nilienda na Mjomba kuona magari ya umeme Upanga. Gari nimelipenda, kasheshe ni LUKU

Kinyerezi Mwisho wa Lami

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Jumamosi nimeshinda Diamond Jubilee pale Upanga kwenye maonesho ya magari. Niseme mapema kwamba sikwenda kununua, msije mkaanza kunitumia habari za watoto wanaodaiwa ada. Nimekwenda kwa sababu IST yangu siku hizi inakunywa mafuta kama mtu aliyefiwa, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei kikomo ya mafuta, mke wangu ananitazama kama vile mimi ndiye niliyekaa kwenye kikao. Nikasema ngoja nikaangalie haya ya umeme kwa macho yangu, nimechoka kuyaona kwenye simu.

Nilikwenda na Mjomba. Mjomba amekula miaka arobaini Gerezani chini ya magari ya watu, kaanza na kabureta akamalizia na mashine za kusoma kompyuta ya gari. Alivaa shati lake la kanisani. Kutoka Tabata mpaka Upanga hakusema kitu, na Mjomba akiwa kimya namna ile ujue mbele ya safari kuna mtu atahojiwa.

Ukumbini kwenyewe, nusu ya vitu si magari. Ni matairi, oili, betri za kawaida, rangi, jeki. Mjomba aliniponyoka dakika ishirini nzima kwenye lifti ya nguzo mbili ya kunyanyulia magari, anaipapasa kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani Pugu. Nikamvuta mkono.

Gari la kwanza la umeme tulilolikuta ni BYD Atto 3, usukani kulia, bluu. Kijana wa pale akaanza na skrini: inageuka, inasimama, inalala. Mjomba akamkatiza kwa adabu, "Baba, samahani, una boksi?" Kijana hakuelewa. Mjomba akaenda banda la jirani, akarudi na boksi tupu la filta, akalikunjua sakafuni, akalala chali na shati lake la kanisani, akaingia chini ya gari. Watu wakaanza kutoa simu.

"Sampo iko wapi?"

"Mzee, hili halina sampo. Halina oili ya injini."

"Gia boksi?"

"Ipo gia moja tu, ndogo, imeshikana na mota huku mbele."

"Sasa hii sahani yote hii, kuanzia magurudumu ya mbele mpaka ya nyuma?"

"Hiyo ndiyo betri yenyewe, mzee."

Mjomba akaigonga kwa kidole mara mbili. Akaniita (tunaitana "mjomba" wote wawili, kwetu ndivyo): "Mjomba, hebu inama uone. Tenki la mafuta wamelifanya sakafu."

Alipotoka huko chini akaanza kuhesabu ambavyo havimo. Plagi, koili, nozeli, pampu ya mafuta, filta ya oili, fenibelti, gasketi ya silinda hedi, ekzosti. Vidole vyake vikaisha akahamia vyangu. Kisha akahesabu vilivyobaki: shokapu, bushi, boljointi, beringi, brekipedi, AC. Hapo kwenye AC kijana akamwongezea kitu ambacho hata mimi sikujua, kwamba gesi ya AC ndiyo hiyohiyo inayopoza betri. Kwa hiyo AC ikikorofisha, jasho si lako peke yako. Mjomba akauliza uzito. Kilo 1,750. Akanigeukia: "Kale ka-IST kako hakafiki tani na robo. Hili kwa barabara zetu litakula bushi mpaka likome." Alisema kwa furaha, wakuu. Alikuwa amekuja na hofu kwamba Gerezani inakufa.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyonipeleka. Wauzaji wanatamka "kilowati-saa sitini" na watu wanatikisa vichwa kwa heshima. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU, basi, hakuna muujiza. Betri ya hili gari ni 60.48, yaani uniti sitini na nusu. Kwa sisi tunaonunua uniti kwa shilingi 356 kodi zote ndani, na ukiongeza zile zinazopotea wakati wa kuchaji, kujaza mpaka mwisho ni kama 24,000. Kiwanda kinasema kilomita 420 kwa kipimo cha Ulaya. Nikakata mpaka 340 kwa ajili ya AC ya Februari na mizigo ya shemeji. Inakuja shilingi 70 kwa kilomita. IST yangu kwenye foleni inakwenda kilomita 12 kwa lita. Chukua lita 2,800, ni shilingi 233 kwa kilomita. Zaidi ya mara tatu.

Kwenye kilomita hizo muwe macho. Kuna banda moja, jina naliacha, kijana alikuwa anauza gari dogo kwa "kilomita 400 na ushee, uhakika". Nikamuuliza kipimo gani. Akasema "cha kompyuta". Nikasogeza karatasi yake, chini kabisa kwa herufi za sisimizi: CLTC. Hicho ni kipimo cha China, na kinapendelea mwendo wa taratibu wa mjini. Si uongo, ila ni kama kupima ulaji wa mtu siku ya Ijumaa Kuu. Mfano wa zamani ni Nissan Leaf ya kwanza, ya mwaka 2010, betri ya uniti 24. Gari ni hilohilo: Wajapani kwa kipimo chao walisema linakwenda kilomita 200, Wamarekani kwa kipimo chao wakasema maili 73, yaani kilomita 117. Kwa hiyo mtu akikutajia kilomita, muulize kwanza nani kapima.

Bei ya lile la bluu niliyotajiwa siiandiki hapa kwa sababu ni ya maonesho na kila mtu ana yake. Niseme tu ni kiwanja Goba, na msingi juu.

Tulipewa mzunguko mmoja pale nje. Mimi nikiendesha, Mjomba kushoto. Ukikanyaga halina kufikiri, linaondoka. Ukiachia pedali linajishika lenyewe na linarudisha umeme kidogo kwenye betri, kwa hiyo foleni ya Mwenge ambayo kwa IST ni kuchoma wese bure, kwa hili unalipia AC na redio tu. Mjomba aliinamisha sikio kwenye dashibodi kama daktari. "Halisemi kitu," akasema. "Gari lisilosema utajuaje linaumwa?"

Chakula kimeiva, naendelea baadaye. Kisa chenyewe cha LUKU bado hakijaanza.

Chalinze Nyama Choma

Uzi bila picha ya Mjomba chini ya gari haukubaliki. Nimevuta kiti.

Bajaji la Buza

Mkuu mimi niko kwenye umeme mwaka wa pili huu, ila magurudumu matatu. Sina elimu ya hizo kilowati ila nakwambia cha barabarani. Asubuhi nikitoka sinunui mafuta, hiyo peke yake ni raha, maana zamani abiria wa kwanza watatu walikuwa wa sheli. Kelele hakuna, abiria wanaongea siri zao zote nasikia.

Shida yangu ni mchana. Betri inaishia saa nane hivi, na ndiyo saa wanafunzi wanatoka. Naiacha kwenye chaji nakaa kwenye benchi naangalia wenzangu wa petroli wanapita. Hesabu ya maonesho huwa haina hilo benchi.

Gesi Kwanza

Ndugu mleta mada, unapigana na petroli wakati petroli ilishapigwa siku nyingi. Mimi nina Ractis, nimefunga mtungi wa gesi. Kilo naijaza kwa 1,550, napata kilomita 16 mpaka 17. Piga mwenyewe, ni kama shilingi 95 kwa kilomita. Umeme wako ni 70. Hiyo tofauti ya shilingi 25 ndiyo unataka kuuzia kiwanja Goba? Mimi kubadilisha imenigharimu milioni mbili na gari langu ni lilelile. Gesi yetu wenyewe, Songo Songo na Mnazi Bay.

Kinyerezi Mwisho wa Lami

Gesi Kwanza hapo umenipiga na nimekubali. Swali moja tu la kirafiki: jana umekaa foleni ya kujaza saa ngapi?

Gesi Kwanza

Tuendelee na mada.

Chalinze Nyama Choma

😂😂😂

Fundi Ethi

Fundi umeme hapa, nimestaafu ila mkono bado. Nimesoma mambo ya sahani na bushi, nasubiri mtu ataje ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Hakuna. Basi nitaje mimi.

Chaja ya gari si chaja ya simu. Kabla haijapitisha umeme inakagua kwanza kama kuna ethi ya kweli. Ikikosa, inawasha taa nyekundu na kugoma, na wewe utasema chaja mbovu. Nyumba ngapi hapa mjini fimbo ya ethi imechimbiwa futi moja kwenye kifusi ili mkaguzi apite? Nyingine waya ulikatwa na mtu aliyekuwa anapanda michongoma. Friji na TV haziwezi kukwambia. Gari litakwambia.

La pili. Ile chaja ya kubebea inayokuja na gari, ukiichomeka soketi ya kawaida, inaingiza kama uniti mbili kwa saa. Waya wa milimita 2.5 unaimudu vizuri tu kama viunganishi vimekazwa. Kinachounguza nyumba ni ekstensheni ya sokoni iliyopitishwa dirishani, imejiviringisha kama chatu, juu yake wamefunika kanga mvua isiingie. Hiyo USIFANYE. Ukitaka ile ya ukutani ya kilowati 7, hiyo ni ampia 32 mfululizo usiku kucha, ni kama pasi saba zimewaka pamoja na hakuna anayepiga nguo. Inataka waya wake peke yake wa milimita 6 kutoka kwenye bodi, breka yake na kinga yake ya umeme unaovuja.

La tatu, sehemu nyingi jioni umeme unashuka, taa zinakuwa njano. Chajini baada ya saa tano usiku.

Dada wa Bonde la Mpunga

Samahani naingilia. Mimi nina gari la umeme dogo, mtumba wa Japani, jina silitaji wasije wakasema nawaharibia. Mwaka wa tatu huu. Lilikuja dashibodi yote Kijapani. Mwanangu ndiye alijifunza kubadilisha saa kwa kubahatisha. Betri ilikuwa imebaki kama asilimia 70 na mimi sikujua kuuliza, niliangalia rangi na viti. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu inayokwambia hali ya betri ilivyo. Kama unanunua mtumba nenda na mtu mwenye kifaa hicho, achana na kilomita za dashibodi.

Hata hivyo siliuzi. Kazini Posta na kurudi Msasani si safari. Sijabadilisha oili miaka mitatu. Brekipedi zilezile.

Ninachotaka kuuliza wataalamu ni maji. Tunaokaa huku bondeni mnatujua. Wauzaji wanasema betri imezibwa, inaweza kukaa kwenye maji mita moja nusu saa. Nimeyasikia. Lakini hayo ni maji ya maabara, siyo ya Jangwani.

Fundi Ethi

Dada heshima yako. Kipimo hicho kinaitwa IP67 na ni kweli kinavyosema: mita moja, dakika thelathini, maji masafi yaliyotulia. Tena gari la umeme lina nafuu moja, halivuti hewa ya injini, kwa hiyo halimezi maji likapinda konektingi rodi kama haya mengine. Lakini maji ya mafuriko yana tope, chumvi na vyuma, na viunganishi vya waya havipendi. Likishapita humo, lisichajiwe mpaka likaguliwe. Na Msimbazi ukijaa, dada, hata lori lisipite.

Mwana wa Dodoma

Nyie mnabishana nani apande gari la umeme wakati wote tumeshapanda. Treni ya SGR hiyo, tangu Juni 2024 Morogoro na mwezi uliofuata mpaka Dodoma. Kilomita 160 kwa saa na hakuna aliyeuliza ethi.

Swali langu: nikitaka kuja nalo huku? Ni kilomita 450.

Kinyerezi Mwisho wa Lami

Nimerudi, na nimeshiba.

Mwana wa Dodoma, kwa hizo 340 zangu utafika Gairo na kidogo, baada ya hapo ni maombi. Njiani hakuna vituo vya kuchaji vya kutegemea. Utaomba umeme gesti ulale. Mjomba nilimuuliza hilohilo, akasema panda treni, gari liache nyumbani, sioni shida iko wapi.

Kuna aliyeniuliza pembeni habari ya kuagiza mtumba moja kwa moja kutoka China kwa sababu ni bei rahisi. Angalieni mambo matatu. Kwanza, China wanaendesha kulia, kwa hiyo gari la soko lao lina usukani kushoto. Tuliliona moja pale ukumbini, Mjomba akakaa, akanyoosha mkono kutafuta indiketa akamgusa dada wa banda. Ukitaka usukani kulia lazima liwe limetengenezwa kwa ajili ya nchi kama Thailand, Australia au Uingereza. Pili, tundu la kuchajia. Ya China yana tundu linaloitwa GB/T, yanayouzwa nje kwa kawaida yana CCS2, Japani wana CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Ukikosea hapo utakuwa kama mtu mwenye simu nzuri na chaja ya jirani. Tatu, programu ya gari ni ya Kichina na nyingine inataka laini ya simu ya huko. Kodi msiniulize mimi, kikokotoo cha TRA kipo wazi, ingizeni wenyewe mlie wenyewe.

Na betri. Msitishane kwamba ikifa gari limekufa. Mwaka 2010 bei ya betri duniani ilikuwa juu ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa. 2024 wastani ulikuwa dola 115. Na hizi za sasa za chuma na fosfeti, kama hiyo ya BYD wanayoiita Blade, zinavumilia joto kuliko za kizamani, na unaweza kuijaza mpaka asilimia 100 bila kuiumiza. Ila waranti ya miaka minane haina maana kama aliyekuuzia hana gereji hapa mjini.

Sasa kisa.

Usiku wa Jumamosi nilikaa na karatasi. Mimi naendesha kilomita 40 kwa siku, siku 26. Ni kilomita 1,040. Petroli 242,000, umeme 73,000. Naokoa kama 170,000 kwa mwezi, milioni mbili kwa mwaka. Tuseme gari la umeme linanizidi IST kwa milioni 40. Itanichukua miaka ishirini kurudisha hela yangu. Mwanangu wa darasa la pili atakuwa ameoa.

Nikachukua karatasi nyingine, nikamwandika jirani yangu wa chumba cha pili, anaendesha teksi za mtandao. Yeye ni kilomita 180 kwa siku. Mafuta milioni na tisini. Umeme laki tatu na ishirini na kitu. Anaokoa zaidi ya laki saba na nusu kila mwezi! Miaka minne na kitu gari limejilipa. Nikaona huyu ndiye. Hili gari limetengenezwa kwa ajili yake, mimi ni mpita njia.

Halafu nikapiga hesabu ya kuchaji. Mimi nahitaji uniti 8 kwa usiku. Kwa soketi ya kawaida, saa nne, kwisha. Yeye anahitaji uniti 35. Kwa uniti mbili kwa saa ni saa kumi na saba na nusu. Analala saa sita. Kwa hiyo lazima chaja ya ukutani, waya wa milimita 6, ethi, yale yote ya Fundi. Kwenye nyumba ya nani? Ya kupanga. Kwenye LUKU ya nani?

Tupo wapangaji wanne, LUKU moja. Mnazijua hizo nyumba. Tunachanga kwa mwezi, na mwezi uliopita kulikuwa na kikao kwa sababu ya dada wa chumba cha mwisho aliyenunua jagi la umeme. Kikao, wakuu, cha JAGI. Sasa mtu aingie getini na kitu kinachokula uniti 900 kwa mwezi?

Ndiyo nikaelewa kwa nini kwenye maonesho wale waliokuwa wanajaza fomu za kununua ni watu wa nyumba zao, wana geti na paa la maegesho, na wengi wao gari linakwenda ofisini na kurudi. Anayeendesha kidogo ana pa kuchomekea. Anayeendesha kutwa hana. Kijana wa banda hakuniuliza hata mara moja ninalala wapi. Aliniuliza kazi na mshahara.

Bajaji la Buza

Hapo kwenye pa kuchomekea umeua. Sisi tunachaji kituoni kwa sababu nyumbani mwenye nyumba alikataa siku ya kwanza.

Mama Wawili Kimara

Na sisi wa umeme wa uniti 75 je? Ule wa shilingi mia.

Fundi Ethi

Mama, ule wa mia ni kwa matumizi yasiyozidi 75 kwa mwezi. Gari la mleta mada tu, la kilomita 40, linakula uniti 200. Unazidisha wiki ya pili, zinazozidi unalipa bei kubwa na hatimaye wanakuhamisha daraja.

Gesi Kwanza

Narudia, mtungi milioni mbili.

Mwana wa Dodoma

Na umeme ukikatika? Maana tusijisahaulishe mgao.

Kinyerezi Mwisho wa Lami

Mkuu, bwawa la Rufiji limeshawashwa, mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Siku hizi kukatika ni kwa nguzo na transfoma za mtaani zaidi kuliko upungufu wa umeme wenyewe. Halafu lile gari linaweza kutoa umeme nje, kama kilowati 3. Unachomeka friji na feni za nyumba nzima. Hapo ndipo nilipopata wazo la kumwendea Mama mwenye nyumba.

Jumapili baada ya ibada nikamkuta barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa kigodani. Nikamweleza taratibu: nataka mita yangu mwenyewe, nilipie mimi, fundi nitamleta mimi, ethi nitachimba mimi, na siku umeme ukikatika nyumba nzima itapata friji bure. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza makapi.

"Hilo gari liko wapi, mwanangu?"

"Bado sijanunua, mama."

"Una hela yake?"

"Bado, mama."

"Mita ya nini sasa?"

"Najiandaa."

Akachambua kidogo. Akasema, "Fundi alete nione hiyo ethi. Nyumba yangu inapiga shoti bafuni tangu masika, na ninyi hakuna aliyeniambia." Kwa hiyo, Fundi Ethi, nikutumie ujumbe pembeni, kuna kazi Kinyerezi. Nyumba itapata ethi kabla ya gari.

Fundi Ethi

Tuma. Na mwambie mtu asioge na viatu vimevuliwa mpaka nifike.

Chalinze Nyama Choma

Mjomba anasemaje baada ya yote?

Kinyerezi Mwisho wa Lami

Amenipigia sasa hivi, saa tatu na nusu usiku, saa ambayo kwa kawaida amelala. Hakusalimia. "Mjomba, yule kijana wa maonesho una namba yake? Muulize bolti za ile sahani ya chini ni spana namba ngapi."